Duka la ghorofa ya zamani, godauni zima au chumba cha plaza: paa likivuja, nani analipa?

Shemeji yangu anaoka mikate na keki nyumbani kwake Kisauni. Oda za mahoteli zimemzidi, jiko halitoshi, na majirani wameanza kulalamikia moshi. Tulizunguka naye Mombasa wiki mbili kutafuta mahali, tukabaki na pa kuchagua patatu: duka la chini katika ghorofa ya zamani karibu na Barabara ya Digo, godauni dogo Changamwe, na chumba kwenye plaza mpya upande wa Nyali. Daftari lake lilikuwa na safu moja tu, ya kodi. Godauni shilingi 48,000 kwa mwezi, duka 55,000, plaza 60,000.

"Si godauni basi, shemeji? Mbona unanitazama hivyo?"

Nilikuwa namtazama hivyo kwa sababu kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu. Kila mwaka, baada ya masika, naletewa mfuko wa risiti za saruji, mabati, mabomba na vibarua, na mwenye duka huniambia "hizi weka popote." Haziendi popote. Ni kodi ya pili, ambayo hakuna aliyemtajia siku ya kuchukua ufunguo. Basi tukaongeza safu.

| | Duka, ghorofa ya zamani | Godauni zima | Chumba cha plaza |
|---|---|---|---|
| Kodi kwa mwezi | 55,000 | 48,000 | 60,000, na ada ya huduma 14,000 |
| Paa, kuta kuu, msingi | Mwenye jengo | Mpangaji | Mwenye jengo, ila gharama inaweza kurudi kupitia ada ya huduma |
| Rangi, sakafu, silingi, taa za ndani | Mpangaji | Mpangaji | Mpangaji, kwa vipimo vya plaza |
| Bomba kuu na maji taka | Mwenye jengo | Mpangaji, pamoja na shimo la choo | Wasimamizi wa jengo |
| Ngazi, veranda, choo cha pamoja | Mwenye jengo | Hakuna | Ada ya huduma |
| Mkataba | Hakuna, ni risiti za kila mwezi | Miaka 5 na miezi 3, kurasa 9 | Miaka 5 na miezi 3, kurasa 31 |

Ukilitazama jedwali hili haraka unaweza kudhani duka la zamani limeshinda. Ngoja kidogo.

Mkataba ukinyamaza

Kwa Kenya, pa kuanzia ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 65 kinamwekea mwenye jengo ahadi ambazo zinahesabiwa kuwemo ndani ya mkataba hata kama hazikuandikwa. Iliyo muhimu hapa: akikodisha sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutengeneza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na sehemu zinazotumiwa na wote. Kifungu cha 66 kinamgeukia mpangaji: atunze majengo aliyokodishwa katika hali ya kuridhisha, na siku ya kuondoka ayarudishe yalivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida na maafa ambayo si ya kosa lake.

Lirudie neno "sehemu". Duka la chini ni sehemu ya jengo. Chumba cha plaza ni sehemu ya jengo. Godauni ni jengo zima. Aliyekodi lote hana ahadi hiyo ya paa ya kuikimbilia, na tena sheria yenyewe inamtaka alitunze. Kwa hiyo mwenye godauni hakumfanyia shemeji hila yoyote alipoandika kwamba ukarabati wote ni wa mpangaji. Ndivyo magodauni yanavyokodishwa, na ndiyo maana kodi yake iko chini.

Jambo moja liko sawa kwa zote tatu. Moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji ikiharibu mahali hadi pasiweze kutumika, kifungu hicho cha 65 kinasimamisha kodi, yote au kwa kadiri ya uharibifu, mpaka patengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja na kuondoka. Waliokuwa na maduka ya chini wakati wa mvua za El Nino za Novemba 2023 wanajua thamani ya hilo. Lakini kwa mwoka mikate, maneno "isiyotokana na uzembe" yana makali yake. Moto ukianzia kwenye jiko lako, utaulizwa gesi uliiunganisha wewe au fundi.

Duka la zamani: "yako ya ndani"

Mwenye jengo ni mzee mstaarabu, alitukaribisha kahawa. Alimwambia shemeji, "Mwanangu, paa ni langu, kuta ni zangu. Wewe shughulika na yako ya ndani tu." Shemeji alifurahi. Mimi nikaomba ruhusa nizunguke.

Nyuma ya duka, futi tatu hivi juu ya sakafu, plasta ilikuwa imefura kama chapati juu ya tawa. Niliigusa kwa kidole ikaanguka unga. Ndani ya ukuta ule mna bomba linaloshuka kutoka bafu la ghorofa ya kwanza, na limekuwa likitoa jasho sijui tangu lini. Sasa niambie: plasta ni ya ndani, bomba limo ndani ya ukuta, ukuta ni wa mzee, na maji ni ya mpangaji wa juu. Hiyo ndiyo "yako ya ndani"?

Ugomvi mwingi wa maduka ya aina hii hauhusu paa kabisa, maana paa kila mtu anajua la nani. Unahusu vitu vinavyokaa mpakani. Mlango wa shata: uko nje, unafungwa na wewe, unaliwa na chumvi ya bahari. Kioo cha mbele. Waya za stima kutoka mita hadi bodi yako. Silingi, ambayo ni yako mpaka iharibiwe na maji ya juu, hapo kila mtu anaikana. Slebu inayokutenganisha na wa juu. Bomba linalohudumia duka lako peke yako lakini limepita chini ya veranda ya wote. Hakuna sheria itakayokumalizia orodha hii kwa uhakika. Inamalizwa kwa kalamu, kabla ya ufunguo. Mwezi mmoja wa kubishana juu ya silingi unamtosha mwoka mikate kupoteza mteja, maana hoteli haingoji.

Tena kuna bwana afya. Mahali pa kuokea patakaguliwa: vigae ukutani, sinki, njia ya maji machafu, choo. Vigae na sinki ni vya biashara yako, lipa. Choo cha pamoja kisichofaa ni cha jengo, na leseni yako ikikwama kwa sababu yake, hasara ni yako hata kama kosa ni la mzee. Muulize mapema na aandike.

Ukiwa ndani ya Mji wa Kale kwenyewe, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ongeza hesabu nyingine. Kuta zile zinapumua. Ukizipiga plasta ya saruji badala ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unabomoka polepole kutoka katikati. Na sura ya nje huigusi bila ofisi ya hifadhi ya Makavazi ya Kitaifa kuhusishwa. Ukarabati wa huko si wa fundi yeyote, kwa hiyo mwenye jengo akikuambia "tengeneza tu mwanangu, tutakatana kwenye kodi", mwombe aandike atakata kiasi gani na kwa kazi ipi.

Godauni: 48,000 ambazo si 48,000

Kifungu cha ukarabati katika mkataba wa godauni kilikuwa mstari mmoja na nusu: mpangaji ataliweka na kulitunza jengo lote, ndani na nje, katika hali nzuri. Shemeji alikisoma kuwa na maana ya "niliache nilivyolikuta". Sivyo.

Huko Uingereza, mwaka 1890, mahakama ya rufaa iliamua katika kesi ya Proudfoot dhidi ya Hart kwamba aliyeahidi kutunza nyumba katika hali nzuri anapaswa kwanza kuifikisha kwenye hali hiyo kama aliikuta mbovu, kipimo kikiwa umri wa nyumba, aina yake na mtaa ilipo. Mahakama za Kenya hazifungwi na uamuzi wa Uingereza, lakini mawakili wetu huutumia na majaji huusikiliza. Kwa hiyo kutu uliyoikuta unaweza kudaiwa wewe.

Na kutu ipo. Tuliingia saa sita mchana, tukafunga mlango, tukasubiri macho yazoee giza. Paa lilikuwa na vitundu vingi kama anga la usiku. Upande wa kusi, mabati yamekuwa mekundu hadi kwenye misumari. Nilimwambia shemeji ahesabu hivi: tuseme fundi atasema 630,000 kubadilisha paa. Mkataba ni miezi 63. Gawanya, unapata 10,000 kwa mwezi. Kodi ya godauni sasa ni 58,000, na bado hujagusa geti, shimo la choo wala sakafu iliyopasuka. Hizo 630,000 ni mfano wangu tu, na zako atakupa fundi aliyepanda juu mwenyewe, asiyelipwa na dalali.

Kama paa ni la asbesto, na magodauni ya zamani yanayo bado, hesabu inabadilika kabisa. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huhesabu asbesto kuwa taka hatari. Haivunjwi na vibarua wa kutwa na kupakiwa kwenye mkokoteni. Inatolewa na walioidhinishwa na kupelekwa panapokubaliwa. Mpangaji aliyesaini kutunza paa la namna hiyo ameuchukua mzigo ambao hata mwenye jengo huenda aliushindwa. Hapo mimi husema pita, isipokuwa mwenye jengo aliondoe kwanza.

Lakini godauni halistahili kutupwa bila kusikilizwa. Lina sifa moja ambayo duka la zamani halina: huhitaji kumwomba mtu. Bomba likipasuka Jumamosi usiku unampigia fundi wako na Jumapili unaoka. Mwenye mtaji, anayetaka stima ya fezi tatu, jiko kubwa na lori kuingia ndani, anaweza kulichukua kwa furaha, mradi afanye mambo mawili. La kwanza, picha za kila ukuta na kila bati, zenye tarehe, zisainiwe na pande zote mbili na zishonwe kwenye mkataba, pamoja na sentensi kwamba hatadaiwa hali bora kuliko ya kwenye picha. La pili, paa na nguzo ziondolewe kwenye wajibu wake, au mwenye jengo ampe miezi kadhaa bila kodi alitengeneze. Wenye magodauni yaliyokaa matupu hukubali upesi kuliko unavyodhani.

Plaza: hulipi paa, unalipa kila kitu

Hapa sina mengi ya kusema juu ya uharibifu. Jengo ni jipya, lifti inafanya kazi, jenereta inaguruma stima ikipotea, na ukimpigia simu msimamizi anapokea. Ya kusema ni juu ya ile 14,000, ambayo wenyewe wanaiita savis chaji. Ndani yake mna walinzi, usafi, taka, taa za nje, dizeli ya jenereta, bima ya jengo na ukarabati. Neno hilo la mwisho halikuwa na mpaka. Ukarabati wa kawaida wa lifti, sawa. Kununua lifti mpya mwaka wa nne? Kupaka jengo zima rangi ili livutie wapangaji wa ghorofa ya tatu iliyo tupu?

Tuliuliza maswali manne: mgawo wetu unapigwa kwa futi za mraba au kwa makadirio, vyumba visivyo na mpangaji vinalipiwa na nani, hesabu zilizokaguliwa tunaonyeshwa lini, na ada inaweza kupanda hadi wapi kwa mwaka. Msichana wa ofisini alijibu la kwanza vizuri. La pili alicheka. Kwangu kicheko kile kilikuwa jibu.

Kisha ushuru. Kodi ya majengo ya biashara inatozwa VAT ya asilimia 16 mwenye jengo akiwa amesajiliwa, na plaza hii imesajiliwa, kodi na ada zote. 74,000 ikawa 85,840. Aliyesajiliwa VAT naye anaweza kuidai kwenye hesabu zake, ila shemeji hajasajiliwa. Mkataba wa zaidi ya miaka mitatu unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka, kwa hiyo 14,400 nyingine mwanzoni, na godauni 11,520.

Chumba chenyewe kinakabidhiwa kitupu: sakafu ya saruji, hakuna silingi, waya zinaning'inia. Ukarabati wa kwanza ni wako. Halafu kifungu kilichojificha ukurasa wa 27 kinasema siku ya kuondoka urudishe chumba kilivyokuwa. Yaani vigae ulivyovilipia uvilipie tena kuving'oa. Ukikosa, dipoziti ya miezi mitatu haitarudi. Hili linajadilika, hasa kabla hujasaini, na hasa kama plaza ina vyumba vitupu.

Kwa nini miaka 5 na miezi 3

Hesabu hiyo ya ajabu haikuja kwa bahati. Kenya ina sheria ya zamani ya maduka, mahoteli na sehemu za vyakula, Sura ya 301 ya mwaka 1965. Inamlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, au ambao unaweza kuvunjwa ndani ya miaka 5 kwa sababu nyingine isiyokuwa kuvunja masharti. Wenye majengo wanaongeza miezi mitatu ili watoke nje ya uzio huo.

Mlindwa anapata nini kuhusu ukarabati? Anaweza kwenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, lile mawakili huliita BPRT. Mwenye jengo akikataa kutengeneza lililo lake, Baraza linaweza kuamuru litengenezwe kwa gharama yake, na asipolipa, kodi yako ikaelekezwa kwa Baraza mpaka gharama iishe. Au linaweza kukuruhusu utengeneze mwenyewe na ukate kwenye kodi.

Huu ni upande ambao shemeji hakuutegemea. Mkataba mnene wa kurasa 31 unamwacha na yale tu yaliyoandikwa humo na mahakama ya kawaida. Mzee wa kahawa, ambaye hakuandika chochote, amempa ulinzi mkubwa kuliko wote watatu.

Ila usikate mwenyewe. Hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Silingi imeanguka, mwenye jengo hapokei simu, mpangaji ananunua bodi na kulipa kodi pungufu, akijiona ana haki. Kodi iliyochelewa miezi miwili ni mojawapo ya sababu ambazo sheria hiyo hiyo inampa mwenye jengo za kumwondoa. Ruhusa kwanza, nyundo baadaye. Pia mpangaji ambaye alikuwa na wajibu wa kutengeneza na hakutengeneza anaweza kuondolewa kwa sababu hiyo, kwa hiyo risiti za rangi na taa usizitupe.

Tulivyoamua

Kama angekuwa na milioni mbili za kuanzia na lori, ningemsukuma Changamwe, baada ya kumaliza mambo ya paa. Kama angekuwa anauza keki za harusi kwa watu wanaopita na magari, plaza ingejilipa. Yeye anauzia mahoteli, anasafirisha kwa tuktuk, na akiba yake ni ya kununua oveni moja. Alichukua duka la mzee.

Tulirudi na karatasi moja. Tuliogopa mzee ataona tumemdharau, kumbe alivaa miwani akaisoma yote, neno kwa neno. Ina mistari tisa. Bomba lolote lililo ndani ya ukuta ni la mwenye nyumba, hata kama linahudumia duka peke yake. Silingi ni ya mpangaji, isipokuwa maji yametoka juu. Choo cha pamoja kitengenezwe kabla ya bwana afya kuja. Tulipiga picha ya plasta iliyofura na mzee akasaini nyuma yake. Hatukuandika muda wa miaka, kwa makusudi.

Mstari wa saba, wa mlango wa shata, aliukataa. Alisema kwa miaka yote aliyokuwa na jengo lile hajawahi kununua shata, na hataanza sasa. Shemeji akaukata kwa kalamu, wakatia sahihi pembeni. Ameshanunua kopo la grisi.